Siku Aliyolishwa Mzee Matano

Katika Chama cha Vikorokoro kila mtu alikwishalishwa, isipokuwa Mzee Matano.

Jina la chama walijipa wenyewe kwa mzaha, maana walikuwa watu wanne tu, hawana katiba wala muhuri. Walikutana kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri katika stoo iliyo nyuma ya duka la Jigar, mjini Wete, baina ya marobota ya waya na ndoo za rangi, na kila mmoja alikuja na kitu cha kale alichokiokota au alichokibembeleza kwa wenyewe. Jigar, aliyekuwa akiuza misumari na mabati pamoja na baba yake Ratilal, alikusanya makufuli. Usama, mwalimu wa historia, alikusanya barua na stempu. Mzee Matano, fundi wa makubadhi kutoka Ole, hakutaka kitu chochote duniani ila ngozi iliyoshonwa na marehemu baba yake, Fundi Silima. Khairiya, mdogo wao na wa mwisho kuingia, hakukusanya kitu, kwa hiyo hakuwa na cha kulishwa. Alikuwa mwanafunzi wa Mzee Matano, na kazi yake chamani ilikuwa kumimina kahawa na kucheka wenzake wakicheka.

Kumlisha mtu ni kumletea kitu kipya ukashikilia kuwa ni cha kale. Akiamini mpaka birika la kahawa likaisha, basi amekula, na hana budi kupanda juu ya ndoo ya rangi na kutamka, "Nimekula na nimeshiba." Jigar alikula kufuli la Kiarabu ambalo Usama alilinunua dukani mwa Jigar mwenyewe, akalizika wiki tatu katika matope ya mikoko. Usama alikula vibaya zaidi. Mzee Matano alimletea kipochi chenye karatasi kuukuu ya hati za Kiarabu, na Usama, aliyekuwa akijisifu kuzisoma hati hizo, akakaa nayo siku tatu, kisha akaitangaza mtandaoni kuwa ni barua ya liwali kwa mjumbe wake. Ilikuwa maelekezo ya Bi Samiha, mke wa Mzee Matano, ya kutia achari ya ndimu. Tangu hapo wanafunzi wa skuli humwita Mwalimu Achari, na wakimwona amegeuka ubaoni humung'unya midomo kama waliotiwa ndimu.

"Mie hamnilishi," Mzee Matano alikuwa akiwaambia, amekaa juu ya kreti ameweka mguu juu ya mguu. "Nyinyi mnatizama kwa macho. Mie nasoma kwa vidole. Ngozi hainidanganyi."

Na kweli alisoma kwa vidole, maana jicho la kulia lilikwishaingia mtoto wa jicho na la kushoto lilikuwa njiani. Fundi Silima alikuwa na mtindo wake: alishona huku akihesabu, na kila alipofika mshono wa saba alirudi nyuma hatua moja, akaukaza, ndipo akaendelea. Kidole kikipita juu yake hukuta kinundu kidogo kama punje ya mchele, saba nyingine, kinundu tena. Kwa vinundu hivyo Mzee Matano alikwishakusanya vitu tisa: ala mbili za jambia, makubadhi jozi mbili, mkanda, vipochi vitatu, na kifuniko cha chano. Vyote alivipapasa, vyote alivihesabu.

Mtindo huohuo ndio aliomfundisha Khairiya. Kwa miaka mitatu, kila Jumapili asubuhi, msichana huyu aliyesomea ukutubi chuoni alipanda gari la Ole akaenda kukaa kwenye ukumbi wa mzee na msharasi wake wa kutobolea ngozi, uzi uliopakwa nta ukimkata vidole. Hakuwa mtu wa maneno. Alikaa, akashona, akampelekea mwalimu wake kazi, na mwalimu akapitisha kidole.

"Hapa ulikuwa umelala."

"Samahani, babu."

"Na konani umepoteza hesabu tena. Kila kona! Ukifika konani unapatwa na nini weye? Mchumba?"

Bi Samiha alicheka kule jikoni. Khairiya naye akacheka, akafumua. Ilikuwa kweli; palipopinda ngozi, mkono wake ulirudi kwenye mshono wa sita badala ya saba, hata awe ameshika hesabu namna gani. Katika miaka mitatu hiyo hakuwahi kusikia neno "vizuri" hata mara moja, wala hakulitarajia. Alilolitaka lilikuwa jingine, na hakumwambia mtu: siku moja mzee apewe kitu mkononi bila kuambiwa kimetoka wapi, akipapase, aseme mbele ya watu, "Huu mkono wa Khairiya."

Usama alimfuata maktaba anakofanya kazi siku ya Jumatano. Aliegemea meza, akachukua kitabu, akakirudisha.

"Bi Khairiya, unajua sisi tunakuitaje ukiwa hupo?"

"Mnaniitaje?"

"Birika."

Aliona uso wake ukiiva, akacheka polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Usikasirike, dada. Si umeingia mwaka na nusu sasa na hujalisha mtu? Asiyelisha ndiye anayemimina. Sasa mie nakupa nafasi. Mtengenezee mzee ule mkoba."

Hakuwa na haja ya kuuliza mkoba gani. Fundi Silima aliwahi kushona mkoba wa kutilia Msahafu, wa ngozi ya mbuzi iliyodabighiwa kwa kulowekwa pamoja na magome ya mkandaa mpaka ikawa nyekundu kama tofali, wenye mifuko miwili na mfuniko uliokatwa mfano wa jani la tambuu. Mteja aliyeuagiza aliuchukua akahamia nao Maskati, na Mzee Matano wakati huo alikuwa mtoto wa miaka sita aliyekuwa akimshikia baba yake nta. Alikwishausimulia mara mia. Khairiya aliujua mkoba ule kuliko alivyojua mkoba wake mwenyewe.

"Siwezi," alisema. "Ataumia."

"Ataumia nini? Yeye si anasoma kwa vidole? Miaka mitatu anashika kazi yako, asiujue mkono wako? Atakujua palepale, atacheka, na mie nitapanda ndoo kwa niaba yako." Akaondoka mezani. "Au pengine hakujui, Bi Khairiya. Hilo mie sijui."

Neno hilo ndilo lililomwingia.

Alishona siku arubaini. Ngozi ilikuwa ile waliyoidabighi pamoja yeye na mzee, ile aliyopewa akaambiwa ajifunzie. Aliipaka mafuta ya nazi akaianika juani, akaifukiza moshi, akaikunja na kuikunjua mpaka ikapata makunyanzi ya utu uzima. Mishono yote aliihesabu saba saba kwa kunong'ona. Alipofika kona ya mfuniko, mkono ukataka kurudi kwenye sita kama kawaida yake. Akauzuia. Kisha akafikiri, akauachia. Hiyo ndiyo ingekuwa sahihi yake. Mzee akifika pale, alijiambia, atainua uso aseme, "Nani kakutuma, wewe mtoto?"

Siku ilipofika, Usama aliutoa mkoba katika gazeti na kusimulia hadithi ndefu ya bibi mmoja wa Wambaa ambaye jamaa zake walikuja kutembea kutoka Maskati wakamwachia mizigo. Khairiya alimimina kahawa. Jigar, aliyekuwa akijua, alijifanya anapangusa kufuli.

Mzee Matano aliupokea mkoba kwa mikono miwili. Aliunusa. Aligusisha ulimi pembeni, kama afanyavyo siku zote. Halafu kidole kikaanza kutembea. Saba, kinundu. Saba, kinundu. Khairiya alikuwa ameshika birika, na moyo ulikuwa ukimwenda mbio kwa furaha, ndiyo, kwa furaha, maana kidole kilikuwa kikikaribia kona.

Kidole kikafika konani kikasimama. Kikarudi. Kikapita tena.

"Hapa," alisema Mzee Matano. "Hapa nilimwangushia nta."

Hakuna aliyemwelewa.

"Baba alikuwa anashona hapa. Mie nimeshika nta, nimesinzia, ikaniponyoka ikaingia majivuni. Akaniangalia hivi. Akapoteza hesabu, akarudi kwenye sita. Akasema, mwanangu umenitia kilema katika kazi ya Mungu." Alikuwa akilia waziwazi, machozi yakipita katika ndevu. "Sikuwahi kumwambia mtu. Haya, nani angeyajua hayo ila mie na baba?"

"Babu," alisema Khairiya. "Babu, tizama tena hiyo kona."

"Nimeiona, mwanangu. Njoo na weye uguse." Alimshika kiganja akakiweka juu ya mshono. "Umesikia? Huu ndio mkono niliokuwa nikikwambia siku zote. Sasa umejua kwa nini nakufumulisha. Mkono huu weye huupati, hata ukishona miaka mia."

Khairiya alifungua mdomo. Angeweza kusema wakati ule. Birika lilikuwa na vikombe viwili bado. Lakini mzee alikuwa ameuweka mkoba juu ya kipaji cha uso, midomo ikienda kwa dua ya kumrehemu baba yake, na yeye akashindwa kumkatiza mtu katika dua. Usama akamwondolea birika mkononi, akajimiminia, akamimina kikombe cha mwisho, akaligeuza juu chini kuonyesha kuwa limekwisha.

Mzee Matano alikuwa amekwishasimama. "Nakwenda kumwonyesha Bi Samiha. Usama, Mungu akulipe. Yale ya achari unisamehe, yakhe. Nilikosa."

"Hapana kosa, mzee." Usama aliisukuma ndoo ya rangi kwa mguu mpaka ikagota kwenye ndara za mzee. Simu ilikuwa mkononi mwake. "Panda tu."

"Nipande nini?"

"Ndoo. Umekula, babu! Umekula mpaka umelamba vidole! Baba yako, nta, majivu, yote umetia chumvi mwenyewe, sisi tumekuletea ngozi tu!" Alikuwa akicheka hata akakaa chini. "Mzee wa vidole! Mkoba umeshonwa juzi huo!"

"Usama, basi," alisema Jigar. "Basi, yakhe, inatosha."

"Mie alinitosha? Miezi kumi na minne naitwa Achari!"

Mzee Matano hakumtazama Usama. Aligeuza uso upande aliokuwapo Khairiya, au aliodhani kuwa yupo. "Ni kweli?"

Khairiya alitikisa kichwa kukubali. Mzee aliendelea kungoja, uso umeinuka. Ndipo Khairiya alipokumbuka kuwa kwa jicho lile, na katika mwanga ule wa stoo, kutikisa kichwa hakutoshi. Ilibidi aseme.

"Ndiyo, babu. Nimeushona mie."

Mzee aliutafuta ukingo wa ndoo kwa kidole cha mguu, akapanda. Alisimama juu yake, kofia ikigusa kamba za mafagio yaliyoning'inia darini, mkoba bado u mkononi. "Nimekula," alisema kwa sauti iliyo sawasawa kabisa. "Na nimeshiba." Kisha akautupa mkoba chini na kuanza kushuka, mguu ukipapasa hewani. Khairiya alikimbia akampa mkono. Mzee aliushika, akaukaza, akatua mguu. Vidole vyake vilipita mara moja juu ya sugu za kiganja kile, vikautambua mkono, vikauachia.

Khairiya alipoteremka garini Ole siku ya pili, video aliyoirekodi Usama stooni ilikwishatangulia. Vijana wawili waliokuwa wakianika karafuu kando ya njia walimwuliza kama anakwenda kupeleka nta.

Mzee alikuwa ukumbini. Aliipokea salamu yake vizuri, akamwuliza hali ya nyumbani, akamwuliza kazi. "Karibu, Bi Khairiya," alisema, na Khairiya, aliyekuwa "mwanangu" na "weye" kwa miaka mitatu, alisimama ukingoni mwa mkeka. Mkekani, mahali anapokaa siku zote, vilipangwa vile vitu tisa.

"Babu, nimekuja kukutaka radhi."

"Kaa. Nina kazi na macho yako. Mie jana nimejua kuwa vidole vyangu vinaongopa. Sasa nataka unitajie. Kipi cha baba na kipi si chake?"

"Babu, usifanye hivyo."

"Wewe umesoma. Una macho. Na mkono wake unao, jana tumeshuhudia sote. Hapana mwingine wa kumwuliza. Nitajie."

Angesema vyote ni vya Fundi Silima. Neno lilikuwa limekwishafika ulimini. Lakini alikwishamdanganya jana kwa kunyamaza, na akaona kwamba leo deni lake kwake ni ukweli. Akanyoosha mkono akatoa ala moja. Akatoa mkanda. Akasita, kisha akatoa kipochi kidogo cha kahawia, kile mzee anachotembea nacho mfukoni kila siku.

"Hivi vitatu," alisema kwa sauti ndogo. "Vya yule mchuuzi wa baiskeli aliyekuuzia; vinundu vya baba yako ameviiga. Uzi wake ni wa nailoni. Na hii ala, ndani imewekewa boksi la sabuni ili isimame. Limeandikwa namba ya simu."

"Namba ya simu." Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Baba hakuwahi kuwa na simu." Akakichukua kipochi, akakifungua, akatoa kitambulisho, tasbihi na funguo, akavipanga juu ya goti. "Boksi hilo umelionaje?"

"Uliponipa niishone upya mdomoni."

"Hiyo ilikuwa Ramadhani ya mwaka jana."

Khairiya aliirudisha ala mkekani.

"Ramadhani ya mwaka jana," alirudia mzee. "Baada ya hapo umekuja hapa Jumapili ngapi? Nikakuwekea ala hii mkononi, nikakwambia, shona kama hivi, huyu ndiye fundi. Nawe ukashona. Ukanambia ndiyo babu."

"Nilikuonea huruma."

Alilisema kwa mapenzi, na alipolisikia limetoka alitamani alirudishe.

"Usama amenicheka siku moja," alisema Mzee Matano, "tena mbele ya uso wangu, na mie nilimwanza. Wewe umenihurumia mwaka mzima nyuma ya mgongo wangu."

Aliinama akakusanya vile sita vilivyobaki.

"Hivyo ni vya baba yako kweli," alisema Khairiya kwa haraka. "Hivyo vyote, babu. Wallahi."

"Umejuaje?"

"Mshono wake..."

"Mshono hata wewe unao." Akavichanganya sita na vitatu, vyote tisa, akavitia ndani ya gunia la vipande vya kutilia viraka, akalisukuma nyuma yake. Hakukuwa na hasira katika kulisukuma. Alivuta jozi ya makubadhi yaliyokatika, akatia uzi nta, akamgeuzia mgongo ili apate mwanga.

Bi Samiha alitoka na kikombe cha chai na mkate wa kumimina. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mgeni hatoki nyumba ile hajatiwa kitu mdomoni. "Kunywa," alisema, akabaki amesimama.

Mwanamke mmoja aliingia uwanjani, kiatu mkononi, kanda zimekatika. Alisalimu, akaketi kizingitini, akamtazama Khairiya kwa udadisi. "Fundi, huyu ndiye yule mwanafunzi wako?"

Mzee Matano alitoboa ngozi, akapitisha uzi, akavuta.

"Huyu mgeni," alisema. "Anamaliza chai yake, anakwenda."

Chai ilikuwa ya moto sana. Khairiya aliinywa hivyohivyo, mafunda makubwa, ulimi ukiungua, maana Bi Samiha alikuwa akingoja kikombe.